Je, Anayejua Kilichomo Ardhini Ana Ruhusa ya Kunyamaza?

Ndugu msomaji, mengi ya maswali ambayo vijana huniletea baada ya darasa la alasiri hapa Mwanjelwa huweza kujibiwa kwa kufungua kitabu. Huuliza juu ya udhu, juu ya mirathi, juu ya mahari. Na mtu aliyekalia mkeka wa chuo cha dini ng'ambo kwa miaka kadhaa hapati taabu na mambo hayo. Lakini liko swali moja ambalo nililijibu upesi, nikalijibu vibaya, kisha likaninyima usingizi. Nalieleza hapa kwa idhini ya aliyeliuliza, bila kutaja jina lake, wala kijiji, wala kampuni iliyomwajiri, kwani shabaha yangu si kumshitaki mtu.

Kijana mwenyewe ana meza ya vipuri vya baiskeli na pikipiki karibu na soko. Hajaamua dini atakayoifuata, naye husema hivyo wazi, jambo ambalo mimi hulipenda kuliko kukubali kwa midomo. Miaka michache kabla ya kufungua meza hiyo alikwenda upande wa Kaskazini-Magharibi ya nchi yetu kutafuta kibarua, akakipata katika kambi ya watafutaji wa madini ya nikeli.

Alinieleza kazi ilivyokuwa, nami nikamsikiliza kwa hamu, maana wengi wetu hudhani kwamba madini hutafutwa kwa sururu. Kwanza hukatwa njia zilizonyooka katika pori na katika mashamba, na kila baada ya hatua kadhaa kibarua huchimba kishimo, akatoa udongo wa kujaza mfuko mdogo, akauandika namba. Mifuko hupelekwa maabara. Pale ambapo udongo umeonyesha dalili, hupita helikopta chini chini ikining'iniza pete kubwa yenye kupeleka nguvu ardhini, kwani mwamba wenye nikeli iliyoungana na kiberiti hupitisha umeme kuliko miamba iliyo jirani yake. Mwishowe huletwa mashine ya kuchoronga, nayo huutoa mwamba kutoka chini katika vipande virefu vya mviringo, kama muwa uliomenywa, vikapangwa katika masanduku kwa kufuata kina. Kazi ya kijana huyu ilikuwa kuviosha. Vingi vilikuwa vya kijivu tu. Siku moja akaosha vipande vilivyong'aa kama shaba iliyochakaa, tena vizito ajabu. Akaona jinsi wataalamu walivyonyamaza ghafla. Mashine ambayo ilikuwa ihamishwe kesho yake ikabaki pale pale, na wafanyakazi wote wakakumbushwa kwamba walitia sahihi ya kutotoa siri za kambi.

"Hakuna aliyeniambia neno, Sheikh," alisema, "lakini nilijua."

Sasa, pembeni mwa kilima hicho alikuwako mzee mmoja mwenye migomba na mibuni ya zamani. Ndiye aliyewaruhusu kukata njia zao shambani mwake, akawapa maji ya kisima chake. Mjukuu wake akaugua, akapelekwa hospitali ya mbali, na mzee akatangaza kuuza ekari moja na nusu. Kijana alikuwa na akiba ya mshahara wake. Kibarua mwenzake akamnong'oneza: nunua, siku ya fidia itakuja. Akanunua kwa shilingi laki sita, ambayo ndiyo bei iliyokuwa ikitumika kijijini. Karatasi ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri. Baadaye kazi ikaisha, akarudi Mbeya. Aliposikia kwamba wathamini wameanza kupita huko wakihesabu migomba na kupima nyumba, karatasi ile iliyomo sandukuni mwake ikaanza kumchoma.

"Je, fedha nitakazolipwa zitakuwa halali? Na kama dini yako haiwezi kuniambia iwapo mimi ni mwizi au si mwizi, itaniambia nini?"

Nami nilimjibu nini? Nilimwuliza kama alimdanganya mzee kwa neno lolote. Akasema hapana, mzee hakumwuliza, naye hakusema. Nikamwuliza kama bei ilikuwa ya dhuluma. Akasema hapana, jirani alikuwa ameuza kwa bei hiyo hiyo. Nikasema: basi mauziano yametimia, lala salama. Aliondoka, lakini niliona kwamba hakuridhika, na nilipokaa peke yangu niliona kwamba mimi pia sikuridhika.

Natumaini utaniwia radhi, msomaji mpenzi, nikikupitisha katika njia niliyopita kabla ya kumwita tena.

Nilianza na hoja yake iliyo nzito kuliko zote. Alisema kwamba nikeli haikuwa ya mzee. Na kwa hakika ni hivyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2017, yaeleza kwamba madini yaliyomo katika ardhi ya Tanzania ni mali ya wananchi wote, na Rais ameshika dhamana yake kwa niaba yao. Mwenye shamba la kijiji ana haki ya kukaa, kulima na kurithisha. Hana haki ya kuuza kilicho chini ya mizizi ya migomba yake. Likija shimo la mgodi, hulipwa fidia ya ardhi yake, mazao yake, nyumba yake na usumbufu wa kuhamishwa. Nikeli hailipwi kwake. "Basi," asema kijana, "nimemnyang'anya nini?"

Hoja hii yafanana na ukweli, ila imeziba mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Kweli hakumnyang'anya nikeli. Lakini fidia ni haki ya yule aliye juu ya ardhi siku ile mthamini anapopita, na mkononi mwa mkulima wa kijijini huzidi sana laki sita. Kijana hakununua ekari moja na nusu ya migomba. Yeye ana meza ya vipuri Mwanjelwa. Migomba ya nini? Alinunua nafasi ya kusimama mahali pa mzee siku hiyo. Mzee aliuza migomba. Watu wawili walitia sahihi karatasi moja, na kila mmoja akiuza na kununua kitu kingine.

Kurani Tukufu, katika sura ya An-Nisaa, yakataza watu kula mali zao kwa batili, ila iwe biashara ya kuridhiana. Kuridhiana! Mtu huridhia kitu anachokijua. Mzee aliridhia kuachana na migomba.

Hapo ilinibidi nifikiri juu ya tofauti iliyopo baina ya kilicho wazi na kilichofichika. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo nikeli yetu, tena hadharani, ingawa wengi hawaifahamu. Nendeni Ndolezi, wilaya ya Mbozi, mkakitazame Kimondo. Jiwe lile lililoanguka kutoka mbinguni, lenye urefu wa karibu mita 3 na uzito usiopungua tani 12, ni chuma kwa kiasi cha asilimia 90, na karibu asilimia 9 yake ni nikeli. Wenyeji walilijua siku nyingi kabla ya mwaka 1930, wakati mpima ardhi mmoja aitwaye W. H. Nott alipolitangaza kwa ulimwengu wa nje. Kwa Kimondo hakuna mtu awezaye kumtangulia mwenzake kwa kujua. Mtoto anayepita na mbuzi aliona kile kile alichoona mpima ardhi.

Wanazuoni wa Kiislamu waliiona tofauti hii zamani sana. Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, aligawa madini katika mafungu mawili: ya dhahiri, kama chumvi na lami, ambayo kila mtu huyaona na kuyachota, na ya batini, kama dhahabu, fedha, shaba na chuma, ambayo hayafikiwi ila kwa kazi. Ya dhahiri hayawezi kumilikishwa mtu mmoja. Asili ya hukumu hiyo ni kisa cha Abyadh bin Hammal, aliyemwomba Mtume Mtukufu s.a.w. ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib huko Yemen. Mtume s.a.w. akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo akaeleza kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, kila afikaye huchota. Mtume s.a.w. akaitwaa tena zawadi ile. Na tutazame kwa makini: alitoa kabla ya kujua, na alipojua akarejea. Hakusema kwamba neno limekwisha kutoka na muhuri umekwisha kugongwa. Mtu mkubwa kuliko wote hakuona aibu kuufungua tena mkataba kwa sababu ya jambo ambalo halikujulikana ulipofanywa. Mimi niliyemwambia kijana alale salama nilipofika hapo katika kitabu nilikifunga nikatembea kidogo uani.

Lakini nikeli ya kule Kaskazini-Magharibi ni ya batini kabisa. Mfano mkubwa ulio wazi kwa wote ni Kabanga, wilayani Ngara. Dalili zake zilipatikana katika miaka ya 1970, wakati mradi wa Umoja wa Mataifa ulipopima eneo lile na kuchoronga. Tangu hapo madini yale ya nikeli, shaba na kobalti yamepita mikononi mwa makampuni mbalimbali ya nje, mengine yakiongeza mashimo ya utafiti, mengine yakiacha. Na ni mwezi Januari 2021 tu Serikali ilipotia sahihi mkataba ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel, nchi ikiwa na hisa asilimia 16. Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka mashine ya kwanza ilipofika alikuwa na wajukuu, pengine, mwaka mkataba huo ulipotiwa sahihi. Nalitaja hili kwa ajili ya haki, kwani lawapa watafutaji hoja yao nzuri. Huchimba mahali mia na kupata mahali pamoja. Fedha nyingi huzama katika mashimo matupu. Kama mtu angelazimika kumtangazia kila mpita njia alichokiona kabla hajakipatia leseni, nani angetafuta? Washindani wangekaa kivulini wakinywa chai, wakisubiri jasho la mwingine liwaonyeshe mahali pa kusimika bendera. Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba siri ya mtafutaji ni dhambi yenyewe. Kumficha mshindani matunda ya kazi yako si dhuluma. Tatizo liko kwa mtu wa tatu, ambaye si mshindani wala mwajiri.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria wa Kirumi, aliandika juu ya mfanyabiashara anayeleta nafaka kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zimejaa nafaka, zikielekea huko huko. Awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Cicero alitaja wanafalsafa wawili waliobishana. Mmoja, Diogenes wa Babeli, alisema: kunyamaza si kuficha, muuzaji hulazimika kutaja kasoro za bidhaa yake kama sheria itakavyo, si kusema kila ambacho mnunuzi angefaidika kukisikia. Mwingine, Antipater, akajibu: umezaliwa ili uwafae wanadamu, utawezaje kuwaficha wenye njaa kwamba chakula ki karibu? Cicero mwenyewe akahukumu kwamba asifiche, akasema kwamba kunyamaza si kuficha daima, bali ni kuficha pale unyamazapo ili ufaidike kwa kutojua kwa mwenzako ambaye jambo lile lamhusu. Huyu hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Mwenyezi Mungu hakuinyima jamii yoyote mwanga wa akili.

Na karibu zaidi na habari yetu kuna kisa cha Timmins, katika misitu ya kaskazini mwa Ontario, Kanada. Mwezi Novemba 1963, kampuni ya Kimarekani iitwayo Texas Gulf Sulphur ilichoronga shimo moja katika sehemu ambayo ndege ilikuwa imeonyesha dalili, ikatoa mwamba wenye shaba, zinki na fedha kwa wingi usio wa kawaida. Walifanya nini? Mashine ikahamishwa. Shimo lenye mali likafichwa kwa miti michanga iliyokatwa, na shimo jingine likachorongwa kando, mahali wasipotazamia kitu, ili mpita njia adhani kwamba hakuna kilichopatikana. Kisha wakashughulika kununua ardhi za jirani. Wakati huo huo baadhi ya wakubwa na wafanyakazi wa kampuni walinunua hisa kwa bei ya chini kutoka kwa watu wasiojua lolote, hadi habari ilipotangazwa rasmi mwezi Aprili 1964. Kesi ilifika mahakama ya rufani ya New York, na mwaka 1968 majaji wakaamua: aliye na habari ya ndani ana njia mbili, ama aitangaze, ama ajizuie kununua. Kama hawezi kuitangaza kwa sababu ni siri ya mwajiri wake, basi imebaki njia moja tu.

Nastaajabu juu ya kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, majaji wale walilipata neno lililomfaa kijana wangu, kwani yeye pia alikuwa amefungwa na siri ya kambi. Hakuweza kumwambia mzee bila kuvunja ahadi. Ya pili yanisikitisha. Hukumu ile iliwalinda wenye hisa. Wenye mashamba yaliyonunuliwa kabla ya tangazo hawakuhusika nayo. Aliyeuza karatasi mjini alipata mtetezi upesi kuliko aliyeuza udongo msituni, na sioni kwamba dunia imebadilika sana.

Basi nikarudi nyumbani, yaani katika mafundisho ya Mtume Mtukufu s.a.w., na humo nikakuta jambo ambalo nilikuwa nimelisoma nikiwa kijana chuoni na kulifaulu katika mtihani bila kulielewa. Alikataza watu wa mjini kutoka nje kuwalaki wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Msafiri ametoka jangwani, hajui bei ya leo. Mjanja ampokea njiani kwa tabasamu, anunua kwa bei ambayo mgeni aiona njema, kisha auza mjini maradufu. Hakuna uongo uliosemwa. Hakuna mizani iliyochezewa. Hata hivyo imekatazwa. Na katika riwaya ya Muslim imeongezwa kwamba mwenye mali, akifika sokoni, ana hiari: ama aukubali uuzaji ule, ama auvunje.

Ninyi mnaokaa Mwanjelwa hamhitaji nieleze zaidi. Mnawajua wale wanaoamka usiku wakawangoje wakulima wa Umalila wenye viazi, au wenye mchele kutoka Usangu, wakawakuta barabarani kabla hawajaiona taa ya soko. Mkulima huambiwa kwamba mjini mzigo umejaa. Wakati mwingine haambiwi kitu, na hilo ndilo latuhusu. Nimewasikia Waislamu wenzangu wakijitetea kwamba wao ni madalali tu, na kwamba asiyejua bei alaumu miguu yake. Mtume s.a.w. hakulaumu miguu ya msafiri.

Kijana wangu alimlaki mzee kabla hajafika sokoni. Soko la ardhi ile lilikuwa njiani laja, ndani ya masanduku aliyokuwa akiyaosha.

Wapo watakaoleta mfano wa Injili ya Mathayo, mlango wa 13, juu ya mtu aliyeona hazina iliyofichwa katika shamba, akaificha tena, akaenda akauza vyote alivyokuwa navyo akalinunua shamba lile. Kijana mwenyewe aliukumbuka, kwani alisoma shule ya misheni. Nimewasikia pia wahubiri wa upande wetu wakiuchukua mfano huu kuwadhihaki Wakristo, eti Yesu a.s. amefundisha hila. Mimi siafiki. Mfano ule wahusu ufalme wa mbinguni na furaha ya mtu aliye tayari kuacha kila kitu kwa ajili yake. Haukuletwa kufundisha jinsi ya kununua mashamba, na mwenye kuugeuza hivyo, awe Mkristo anayejitetea au Mwislamu anayedhihaki, ameutendea vibaya. Anayetaka fundisho juu ya shamba lenyewe atalipata katika kisa alichokisimulia Mtume s.a.w., ambacho Bukhari na Muslim wamekipokea: mtu alinunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu, akamrudishia muuzaji akisema kwamba yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji akakataa, akisema kwamba aliuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakagombana, kila mmoja akimsukumia mwenzake mali! Mwamuzi akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana na mwingine msichana. Akaamuru waozwe, na dhahabu itumike kwa ajili yao, na sehemu itolewe sadaka. Lakini mnunuzi huyu alikuta mtungi baada ya kununua, na bado akarudi. Wa kwetu alijua kabla.

Hata hivyo nilikuwa bado sijaliona jambo lililonisumbua kuliko yote, nikaliona siku nilipokwenda kupimwa damu kwa ajili ya homa. Nilinyosha mkono, kijana wa maabara akachukua tone, akaondoka nalo. Nikawaza: huyu sasa atajua juu yangu kitu ambacho mimi sikijui, na atakijua kutoka katika damu yangu mwenyewe, kwa sababu nilimruhusu. Kama akiona humo kwamba nitakufa baada ya miezi mitatu, kisha akaja nyumbani kwangu jioni kununua kiwanja changu bila kusema neno, nani atamsifu kwa werevu wa biashara? Mzee yule alinyosha mkono. Walimwomba ruhusa ya kuchota udongo wake, akawaruhusu; akawapa na maji. Ujuzi aliokuwa nao kijana haukutoka vitabuni wala mbali kama merikebu za Rhodes. Ulitoka katika shamba la mzee, kwa hisani ya mzee, na ukatumiwa dhidi ya mzee. Asiyefahamu tofauti baina ya kumficha mshindani na kumficha mwenyeji wako hajui maana ya amana.

Nilimwita kijana. Nilianza kwa kukiri kwamba nilimjibu vibaya, jambo ambalo kwa mwalimu si jepesi kama lisomekavyo. Nikamwambia kwamba simwiti mwizi, kwani mwizi huchukua kisichoandikiwa karatasi. Lakini alinunua pale alipopaswa kujizuia, na mzee ana hiari mpaka siku atakapojua. Hiari ile si ya kijana kumpa wala kumnyima. Ni ya mzee tangu mwanzo.

Alinipinga, na mapingamizi yake hayakuwa ya kitoto. Kwanza, mzee hana laki sita za kurudisha, zimekwisha hospitali. Pili, nikeli ile yaweza kukaa miaka 40 kama ya Kabanga, mgodi usifunguliwe, na fidia isilipwe. Je, naye alipe hasara ya jambo ambalo halijatokea? Tatu, ahadi ya siri. Juu ya la tatu tulikubaliana mapema, kwani wathamini wakishaonekana shambani siri imekwisha kujitangaza yenyewe. Juu ya la pili nilimwambia amweleze mzee na hiyo shaka pia, kwani haki ya mzee ni kujua yote, yenye kutia matumaini na yenye kuvunja moyo. Juu ya la kwanza nilisita. Hakuna hukumu niliyoikuta kitabuni inayosema jinsi ya kuvunja mauziano ambayo thamani yake imekwisha kuwa dawa ya mtoto. Nikashauri kwamba deni lisubiri, na fidia ikija mzee alipe laki sita kutoka humo na kubaki na kilichozidi. Au wagawane kama watakavyopatana wakiwa macho wote wawili. Akaniuliza ni fungu gani lingekuwa la haki. Nikasema sijui, na kwamba wajuao ni wao.

Alifunga meza yake kwa wiki mbili. Alipanda basi la Chunya alfajiri, lile lipitalo katika nchi ya Lupa ambako wazee wetu walizifuata mbio za dhahabu katika miaka ya 1920 na 1930, akaendelea Tabora na kupanda juu. Alimkuta mzee yu hai, na mjukuu amepona, anachunga. Alimweleza yote, pamoja na vipande vilivyong'aa. Mzee alisikiliza hata mwisho, akauliza tu ni upande gani wa shamba mashine ilikaa muda mrefu zaidi, akanyamaza. Kisha akasema kwamba neno hili ni kubwa, atangoja wanawe wawili warudi kutoka machungani na mjini, wakae.

Karatasi ya mauziano kijana aliiacha mikononi mwa mwenyekiti wa kitongoji. Ninapoandika haya bado iko huko, na mzee hajaleta jibu.